Yangambi: Kupiga picha ya Kilimia kati ya moshi wa mashamba na umande wa mto

Kuanzia mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 2, mvua inapungua katika jimbo la Tshopo na wakulima wanaingia msituni na mapanga kufyeka mashamba mapya. Katika miezi hiyo hiyo, kundi dogo la nyota linapita kila usiku karibu juu ya kichwa. Kwa macho linafanana na alama ya kidole juu ya kioo: nyota sita, au saba kwa mwenye macho makali, zimebanana kama vifaranga. Vitabu vya shule, vinavyoandikwa kwa Kifaransa, vinaliita Pléiades. Kiswahili kinaliita Kilimia, na jina hilo linatoka kwa kulima.

Mtu anayetaka kupiga picha ya Kilimia kupitia darubini hana sababu ya kwenda mbali na Kisangani. Yangambi iko karibu kilometa 100 upande wa magharibi, kwenye ukingo wa kuume wa mto Kongo, na usiku wake ni mweusi kweli. Taa ni chache, msitu umezunguka pande zote, na mto ulio wazi mbele yake unatoa nafasi ya kuona mbingu mpaka chini. Lakini msimu huo unaofungua mbingu ni pia msimu wa kuchoma mashamba. Nyota za kulima zinafichwa na moshi wa kulima. Anayetaka picha nzuri anapaswa kuzijua siku chache ambapo moshi, mawingu, mwezi na umande vyote vinampa nafasi.

Kwa ajili ya kazi hiyo, inafaa kwanza kujua kitu chenyewe ni nini.

Kilimia ni kundi la nyota zilizozaliwa pamoja, kutoka wingu moja la gesi na vumbi, na bado zinasafiri pamoja kama watu wa mtumbwi mmoja. Wanasayansi wanahesabu ndani yake nyota zaidi ya 1,000, hata kama macho yanaona chache tu. Makundi ya namna hii yanaitwa makundi wazi, sababu nyota zake zimeachana kiasi kwamba mtu anaweza kuzitenganisha na kuona giza kati yake. Hayafanani na yale makundi ya zamani sana yaliyojikunja kama mpira, yenye nyota mamia ya maelfu.

Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 100 na 125. Hesabu hiyo inaonekana kubwa, lakini kwa nyota ni utoto. Jua letu lina miaka karibu bilioni 4.6. Kama Jua lingekuwa mzee wa miaka 46, Kilimia kingekuwa mtoto wa mwaka mmoja na kidogo, anayejifunza kutembea. Ndiyo maana nyota zake kubwa, kama Alcyone na Merope, zinaonekana za buluu: nyota kubwa zina joto kali, zinakula akiba yao haraka, na zinakufa kabla ya kuzeeka. Katika kundi la zamani, nyota za buluu zimekwisha kuzimika. Rangi peke yake inamwambia mpiga picha kwamba ana mtoto mbele ya lenzi.

Umbali wake ni karibu miaka ya nuru 440. Mwangaza unaoingia katika darubini huko Yangambi uliondoka Kilimia katika miaka ya 1580, karibu na mwisho wa utawala wa Álvaro wa Kwanza, mfalme wa Kongo. Umbali huo wenyewe ulileta mabishano makali. Mwaka wa 1997, matokeo ya setilaiti ya Ulaya iliyoitwa Hipparcos yaliweka Kilimia karibu zaidi, chini ya miaka ya nuru 400, na hiyo ilivuruga hesabu za namna nyota changa zinavyokua. Mwaka wa 2014, vipimo vya darubini za redio zilizounganishwa kutoka mabara tofauti vilirudisha umbali wa zamani, na setilaiti ya Gaia ikathibitisha. Watu walipumua.

Jina moja, toka ikweta mpaka Rasi

Uhusiano wa Kilimia na jembe si wa Waswahili peke yao. Kule Afrika Kusini, Wazulu na Waxhosa wanakiita isiLimela, na Wasotho wanakiita Selemela. Mzizi ni ule ule wa kulima. Kwa Waxhosa, mwanaume anahesabu miaka ya utu uzima wake kwa kuhesabu mara ambazo isiLimela imerudi toka alipopita jandoni. Watu wa pwani ya Afrika ya mashariki nao wana msemo wa zamani unaosema kwamba Kilimia kikizama wakati wa jua kinaibuka na mvua, na kikizama wakati wa mvua kinaibuka na jua. Ni maneno ya watu waliotazama kwa miaka mingi. Kila mwaka Kilimia kinapotea nyuma ya Jua karibu na mwezi wa 5, kisha kinarudi alfajiri wiki chache baadaye.

Huko Japani kinaitwa Subaru. Wenye kuendesha gari la jina hilo wanaweza kuangalia nembo yake: zile nyota sita ndizo hizo.

Katika Tshopo kalenda haifanani kabisa na ya pwani. Yangambi inapata mvua karibu milimita 1,800 kwa mwaka, na inanyesha karibu kila mwezi. Mvua inazidi mara mbili kwa mwaka, na kati ya vipindi hivyo viwili ukavu wa wazi zaidi ni ule wa mwezi wa 12 mpaka wa 2. Kilimia kinachomoza jioni mwezi wa 11, wakati mvua kubwa zinaelekea kuisha. Katikati ya mwezi wa 1, karibu na saa mbili na nusu za usiku, kinafika kilele chake upande wa kaskazini, digri 67 juu ya upeo. Wakati huo mapanga yako kazini. Mashamba yanafyekwa, yanaachwa yakauke, yanachomwa, na mbegu zinangojea mvua ya mwezi wa 3. Jina la Kilimia halikutungwa Tshopo, lakini huko pia linasema kweli.

Mbingu mbili kwa usiku mmoja

Faida kubwa ya Yangambi, ambayo watu wa Paris hawana na wa Cape Town hawana, ni mahali ilipo duniani. Iko kaskazini ya ikweta kwa chini ya digri moja tu. Kutoka hapo, usiku baada ya usiku, mtu anaweza kuona karibu mbingu nzima, ya kaskazini na ya kusini.

Mfano ni makundi mawili pacha yaliyo katika eneo la mbingu linaloitwa Perseus. Ni makundi machanga kuliko Kilimia, yana miaka milioni kumi na kitu, na yako mbali karibu miaka ya nuru 7,500. Mtu wa Cape Town hayaoni hata siku moja; hayapandi juu ya upeo wake. Upande wa pili, karibu na Msalaba wa Kusini, kuna kundi ambalo wataalamu wanaliita Sanduku la Vito, sababu katikati ya nyota zake za buluu kuna moja nyekundu inayong'aa kama jiwe la pete. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille ndiye aliyeliandika katika orodha yake, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1751 na 1752. Alilazimika kusafiri huko kwa meli, sababu Paris kundi hilo halionekani kamwe.

Huko Yangambi, katika usiku mmoja wa mwezi wa 1, mpiga picha anaweza kuanza na makundi pacha ya Perseus mara giza linapoingia, akageukia Kilimia, akalala kidogo, kisha kabla ya mapambazuko akageuza darubini upande wa mto na kupata Sanduku la Vito digri 29 juu ya maji. Hakuna mlima unaoziba. Hilo si jambo dogo.

Giza nalo ni mali. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya watu 80 kwa 100 duniani wanaishi chini ya mbingu iliyochafuliwa na mwangaza wa taa, na kwamba mtu mmoja kati ya watatu hawezi tena kuona Njia ya Maziwa kutoka kwake. Kati ya nchi ambazo wakaaji wake wanabaki na usiku safi zaidi, utafiti huo ulitaja Chad, Madagascar na jirani ya Kongo upande wa kaskazini, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kule Namibia, giza hilo limekuwa biashara: mashamba kama Hakos yanapokea Wazungu wanaokuja na darubini zao na kulipa kulala. Yangambi haiwezi kushindana na jangwa, ni lazima kusema wazi. Hewa ya jangwa ni kavu. Ya mto Kongo ni supu.

Vifaa vilivyotengenezwa kwa watu wengine

Wanaoanza wengi wanafikiri kazi hii inadai darubini kubwa. Kwa Kilimia ni kinyume. Kundi hilo linachukua nafasi kubwa mbinguni, upana wa karibu miezi minne mizima iliyopangwa kando kwa kando. Darubini kubwa itaonyesha kipande kimoja tu, kama mtu anayetazama soko kupitia tundu la ufunguo. Lenzi ya milimita 200 juu ya kamera ya kawaida, au darubini ndogo yenye kioo cha milimita 60 au 70, inatosha kabisa.

Tatizo ni mzunguko wa dunia. Nyota zinaonekana kusogea, na kupitia lenzi ya milimita 400 sekunde moja tu inatosha kuzivuta ziwe vistari. Kwa hiyo kamera inawekwa juu ya kitako chenye mota ndogo kinachozunguka polepole, kuzifuata nyota. Ili kifuate sawasawa, mhimili wake lazima uelekee ncha ya mbingu. Ulaya, watu wanatafuta Nyota ya Kaskazini na kazi imekwisha. Yangambi nyota hiyo iko chini kabisa kwenye upeo, ndani ya ukungu, nyuma ya miti. Ile hafifu inayokaa karibu na ncha ya kusini nayo iko chini vile vile, upande wa pili.

Kuna ubaya mwingine ambao muuzaji hasemi. Vitako vingi vimetengenezwa kwa watu wanaoishi Ulaya, Marekani au Uchina, na haviinami chini ya digri 15 au 20. Yangambi mhimili unapaswa kulala karibu sawa na ardhi. Anayenunua bila kuuliza anaweza kujikuta na chombo cha dola mia kadhaa kisichoweza kuelekea mahali panapotakiwa.

Dawa yake iko kwa seremala. Kipande cha mbao ngumu kilichokatwa kwa pembe inayofaa, kikifungwa kwa skrubu kati ya miguu mitatu na kitako, kinaongeza mwinamo unaokosekana. Kisha dira inaonyesha kaskazini, na kinachobaki kinarekebishwa kwa kutazama: mpiga picha anafuata nyota moja kwa dakika kadhaa, akiona inateleza upande mmoja anasogeza mhimili kidogo, anarudia. Jioni ya kwanza inaweza kuisha yote kwa kazi hiyo. Njia nyingine ni zile darubini ndogo za kisasa zinazojipanga zenyewe. Zinapiga picha fupi za sekunde 10 au 20 na kuzipanga moja juu ya nyingine. Na asiye na mota kabisa, mwenye kamera na lenzi ya milimita 50 tu, anaweza kufungua jicho la kamera kwa sekunde 5 mpaka 8, mara mia moja, na kupata Kilimia kidogo lakini safi.

Siri iko katika wingi huo. Picha moja ya sekunde 30 inatoka na chembechembe nyingi kama redio isiyoshika vizuri. Picha 100 zikiunganishwa na programu, chembechembe zinapungua mara kumi. Programu inayoitwa Siril inafanya kazi hiyo bure, na ina maneno ya Kifaransa, jambo linalosaidia wanafunzi wa Kisangani. Picha 20 nyingine zinapigwa na kifuniko kikiwa juu ya lenzi, giza tupu, ili programu ijue makosa ya kamera yenyewe na kuyaondoa.

Thawabu ya subira hiyo ni moshi mwembamba wa buluu unaozizunguka nyota. Si moshi wa moto. Ni vumbi la mbinguni linaloangazwa na nyota. Zamani ilifikiriwa kuwa ni mabaki ya wingu lililozaa kundi. Leo inajulikana kwamba Kilimia kinapita tu ndani ya vumbi ambalo si lake, kama gari linalopita katika ukungu wa asubuhi. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka wa 1610, alichora nyota 36 za Kilimia bila kuona vumbi hilo. Mwaka wa 1885 huko Paris, ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, waligundua kwa picha wingu karibu na nyota Maia ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kwa macho. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kamera kuwashinda wataalamu kwa namna hiyo.

Moshi, maji na maswali

Vumbi hilo la buluu ndilo la kwanza kupotea hewa ikichafuka. Mwezi wa 1 na wa 2, moshi hautoki katika mashamba ya Isangi peke yake. Savana zote za kaskazini zinaungua, toka Bas-Uele mpaka Afrika ya Kati na Sudan Kusini, na pepo zinashusha moshi huo mpaka mtoni. Nyota zinabaki, lakini zimefifia na zimekuwa za manjano. Usiku mzuri kuliko yote ni ule unaofuata mvua ya ghafla ya mchana, inayofua hewa. Ikitokea karibu na mwezi mwandamo, inafaa kuacha kila kitu na kutoka nje.

Mara jua likizama, unyevu unapanda na umande unaanza kuloweka lenzi. Mkanda mdogo wa joto unaofungwa kuzunguka lenzi unazuia hilo, lakini unakula umeme. Huko ambako wakaaji wanategemea paneli za sola na jenereta, betri ya gari ya volti 12 iliyojazwa mchana inaweza kuendesha mota, kamera na mkanda usiku wote. Asubuhi vyombo vinafungwa ndani ya sanduku na mchele mkavu uliowekwa katika kitambaa, la sivyo kuvu itaota ndani ya lenzi. Watunzaji wa mimea mikavu ya Yangambi, wenye karibu vipande 150,000 katika nyumba yao, wanapigana na adui huyo huyo kila siku.

Kusafirisha vyombo ni habari nyingine. Kwa barabara mtu anavuka mto Lindi na kuendelea kwa pikipiki juu ya matope. Kwa maji kuna balenieri na mitumbwi ya injini. Vioo vinapendelea maji.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviandiki. Bomba jeupe juu ya miguu mitatu, usiku, likielekea mtoni, linamfanya mtu yeyote mwenye silaha aulize. Ni afadhali mkuu wa eneo, viongozi wa kituo cha utafiti na walinzi wa usalama wajulishwe mchana, na waalikwe kutazama wao wenyewe. Darubini ikionyesha Kilimia, maelezo yanapungua.

Mahali pa kusimama pia panachaguliwa. Ndani ya hifadhi, yenye zaidi ya hekta laki mbili, miti inaacha tundu dogo tu la mbingu. Mnara wa CongoFlux, wenye meta 55, unapita juu ya miti hiyo, lakini ni chombo cha kupima namna msitu unavyopumua kaboni, na mnara wowote unaotikisika kwa upepo haufai kwa picha ya nyota. Viwanja vya nyumba za zamani za INEAC, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka wa 1933 na kurithiwa na INERA, vinatosha.

Yangambi imekwisha kukutana na wapenda nyota mara moja, kwa njia ya pembeni. Kati ya mwaka wa 1937 na 1958, wafanyakazi wa kituo waliandika kwa mkono, wiki kwa wiki, hali ya miti karibu 2,000: ulipotoa maua, ulipozaa, ulipopukutisha majani. Madaftari hayo yalipopigwa picha, kazi ya kuyasoma iliwekwa kwenye intaneti, katika jukwaa la Zooniverse, kwa jina la Jungle Rhythms, na watu wa kujitolea kutoka pande nyingi za dunia wakayanakili. Jukwaa hilo lilitokana na mradi wa mwaka wa 2007 wa kuomba watu wa kawaida wapange picha za galaksi. Mbinu iliyotungwa kwa ajili ya mbingu ndiyo iliyosaidia kusoma msitu wa Tshopo.

Njia hiyo inaweza kupitwa kwa upande wa pili pia. Vipimo vya Gaia viko wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa UNIKIS au wa IFA anaweza kuchukua vipimo vya nyota za Kilimia, kuzipanga kwa rangi na mwangaza, na kulinganisha na picha aliyopiga mwenyewe. Huko Nairobi, kikundi cha The Travelling Telescope cha Susan Murabana na Daniel Chu Owen kinazungusha darubini mashuleni, na watoto wanaopanga foleni mbele yake hawahitaji kwanza kueleza kwa nini.

Kwa atakayejaribu msimu huu: giza kamili linaingia kabla ya saa mbili za usiku, na saa ya kwanza ni ya kupanga mhimili. Kilimia kikishapita kilele, anayo saa mbili au tatu za kukusanya picha kabla hakijashuka ndani ya moshi wa magharibi. Upande wa kusini unafuata kuanzia saa tisa za usiku, lakini hapo ni mbio na ukungu. Unaanza juu ya maji, unapanda ukingo polepole, na ukifika kwenye miguu mitatu kinachobaki ni kufunga lenzi na kuzima betri.